Panya uani, na wakala anasema ni mapishi yetu

Kutoka: Mama Nasra
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada kwa aliyewahi kupitia haya hapa Uingereza. Tuna panya ua wa nyuma. Si wale wadogo wa jikoni, ni wale wakubwa wa kahawia, wamechimba chini ya sakafu ya mbao mlango wa nyuma, na magharibi ikiingia wanapita mbele ya macho yetu. Kaunsili nimewajazia fomu ya mtandaoni, wamejibu kesi imefungwa, nizungumze na wakala wa mwenye nyumba. Wakala kaja, kanusa jikoni, akasema sababu ni aina ya vyakula tunavyopika, na kwamba mkataba wangu wa kupanga nyumba unanipa mimi jukumu la usafi wa ua. Siku ile nilikuwa nimekaanga dagaa. Nimeona haya mbele ya wanangu kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Fundi wa panya anataka pauni 180 kwa kuja mara 3. Swali langu ni moja: nikimlipa mwenyewe, naweza kuzikata kwenye kodi ya nyumba ya mwezi ujao?

Kutoka: Baba Kelvin
Pole sana dada. Usitoe hata senti. Kuna sheria ya 1949, kaunsili ni lazima waje bure. Kwangu walikuja 2016, wakaweka sumu, wakarudi kukagua, na sikuulizwa hela.

Kutoka: Mwalimu, Leicester
Baba Kelvin, tusiwapoteze watu. Sheria hiyo nimeisoma. Inaitaka halmashauri ihakikishe eneo lake halina panya, na inaipa mamlaka ya kumpelekea notisi mwenye nyumba au anayekaa humo. Neno bure halimo. Zipo zinazotoza, zipo zinazowapunguzia walio kwenye UC, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na zipo zilizofuta huduma hiyo kabisa. Mama Nasra, achana na ile fomu, waandikie EHO wenyewe, yaani maofisa wa afya ya mazingira wa kaunsili, na picha uambatanishe.

Kutoka: Baba Kelvin
Mimi nimesema yaliyonikuta.

Kutoka: Mwalimu, Leicester
2016 si leo.

Kutoka: Wanjiru, Milton Keynes
Jameni, pole mama. Sisi tulitega gundi kando ya ukuta, tukashika wanne usiku mmoja. Pia angalia jirani kama analisha ndege. Wetu alikuwa ananing'iniza mbegu kwa mti kila asubuhi, zikianguka chini ni karamu ya panya.

Kutoka: Bi Rehema
Wanjiru mwanangu, la ndege umesema kweli, lakini gundi acha. Hapa England tangu 31 Julai 2024 mtu wa kawaida kutega panya kwa gundi ni kosa la jinai. Na ni mateso, mnyama analia mpaka alfajiri.

Mama Nasra, nisikilize mimi. Marehemu mume wangu alifanya kazi ya mabomba ya maji machafu hapa kwa miaka mingi, na neno lake lilikuwa: panya wakizidi uani, anza na chemba, jikoni baadaye. Bomba likipasuka chini, panya anatoka humo, anachimba mpaka juu. Tazama kama udongo umetitia karibu na chemba, au kuna tundu linalorudi kila ukilifukia. Nunua rangi ya kupimia mabomba, imwage chooni, vuta maji, halafu angalia inapotokea. Bomba mnalochangia na jirani, tangu 1 Oktoba 2011 ni la kampuni ya maji, hata likipita chini ya ua wako. Wapigie. Linalohudumia nyumba yako peke yake, ndani ya mpaka wako, hilo ni la mwenye nyumba.

Mtego wa kufyatuka, uweke siku kadhaa bila kuutega, utie siagi ya karanga. Panya huogopa kitu kigeni, akishazoea kula hapo ndipo unautega. Na vaa glavu. Mkojo wao una ugonjwa mbaya.

Haya ya dagaa usiyabebe moyoni. Panya hamjui Mzanzibari wala Mwingereza.

Kutoka: Kombo
Umenikumbusha nyumbani, Bi Rehema. Forodhani paka walivyojaa, nani alimwona panya? Na watu wa shirika la APOPO, pale chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, walimlea Magawa, panya buku, akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la hapa hapa Uingereza. Nililia nilipoona habari ile. Nilichukua pasipoti ya hapa kwa ajili ya kazi, na uraia wa kwetu Tanzania nikaupoteza. Sasa naingia kwetu kwa viza. Uraia pacha tutaupata lini?

Kutoka: Wanjiru, Milton Keynes
Sisi Kenya katiba ya 2010 ilitupa. Msichoke kudai.

Kutoka: Baba Kelvin
Ile hadhi maalumu ya Tanzania kwa wenye asili yake waliochukua uraia wa nje si uraia. Huwezi kupiga kura nayo, na mtu asije hapa kuniambia ni kitu kimoja.

Kutoka: Mwalimu, Leicester
Hakuna aliyesema hivyo. Na mada ni panya.

Kutoka: Mama Nasra
Nawashukuru wote. Bi Rehema, Mungu akulipe. Mwanangu mkubwa kafunua mfuniko wa chemba, tukamwaga rangi, na baada ya robo saa udongo chini ya zile mbao umetota kijani. Nimekaa chini nikalia, kwa kuwa wiki tatu nzima sikupika samaki. Jirani naye anatumia bomba hilo hilo. Kampuni ya maji wanakuja Alhamisi saa 4 asubuhi, na wakala nimemwambia awepo. Lakini fundi nilikwisha mlipa zile 180. Hiyo ya kodi kuna anayejua?

Kutoka: Bi Rehema
Alhamisi nitapanda treni ya asubuhi nije nikae nawe. Huyo wakala atatukuta wawili. Kaanga dagaa, usifungue dirisha.