Z420: nibadilishe prosesa au niiuze nichukue Z440?

Mpichaji_Tanga: Wakuu, naomba ushauri. Nina kompyuta ya mezani HP Z420 ya mtumba, nimeinunua Kariakoo. Nahariri video za harusi, na tangu nianze kupiga 4K mashine inalemewa. Nina laki tano. Niweke prosesa ya Xeon E5-1650 v2 (yaani toleo la pili) na SSD ya NVMe (diski ya kasi sana), au niiuze niongezee nipate Z440, mashine mpya zaidi ya HP? Mwezi ujao nina harusi mbili.

Mkude77: Prosesa ya sasa ni ipi? RAM? Kadi ya grafiki? Programu gani? Bila hayo tunabahatisha tu, mkuu.

Fundi_Nati: Kwanza kabisa, iwashe, bonyeza F10, ingia File, kisha System Information, usome mstari wa Boot Block Date, yaani tarehe ya sehemu ya BIOS inayoanzisha mashine. Ikiwa ni ya 2013, v2 inakubali. Ikiwa ni ya 2011, haiwaki, na kusasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) hakubadilishi tarehe hiyo.

BintiKisauni: Msikilize huyo. Mimi muuzaji aliniapia v2 itaingia kwa kuwa soketi ni ile ile, LGA 2011. Na kweli iliingia, ikakaa barabara. Nikapaka pesti ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikawasha. Feni zikavuma, skrini nyeusi tii. Nikachomoa RAM moja moja, nikatoa betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye bodi), nikabadilisha hata kebo ya skrini. Siku mbili hizo. Nikarudisha prosesa ya zamani, ikawaka papo hapo. Nikasasisha BIOS mpaka toleo la mwisho, nikaweka v2 tena: giza lile lile. Ndipo nikaiona tarehe, 12/28/2011. Muuzaji akakataa kuipokea kwa sababu ilishapakwa pesti. Kazi ya mteja ikachelewa wiki nzima, bibi harusi ananipigia simu akilia. Sijasahau mpaka leo.

Mpichaji_Tanga: Pole sana dada. Nimeangalia, na yangu ni 12/28/2011! Prosesa E5-1620, RAM GB 16, kadi Quadro K2000 ya GB 2. Natumia DaVinci Resolve.

Mkude77: Umeona sasa? Resolve inaegemea kadi ya grafiki. GB 2 kwa 4K hazitoshi hata kidogo. Prosesa siyo mgonjwa wako wa kwanza.

Mzee_wa_Precision: Ningekuwa wewe ningechukua kompyuta ya Dell T3610. Inapokea v2 bila habari za tarehe.

Fundi_Nati: Mzee, T3600 watu wanaichanganya na T3610, na hiyo T3600 haipokei v2. Ukimtuma sokoni bila kumwambia hilo, atauziwa isiyo yake.

Mzee_wa_Precision: Nimeandika T3610, soma vizuri.

Fundi_Nati: Sawa, yaishe. Mpichaji, kwa bodi yako prosesa mojawapo ya kori 8 ni E5-2670 ya kwanza, isiyo na v2. Ila ni GHz 2.6, na yako ni 3.6, kwa hiyo kuna kazi zitakazokuwa nzito zaidi. NVMe nayo haiwashi Windows kwenye Z420. Itumie kwa adapta ya PCIe (tundu la kadi kwenye bodi) kuwekea klipu, na Windows ikae kwenye SSD ya SATA, ile ya kuunganisha kwa kebo. Chagua tundu la SATA la Gb 6 kwa sekunde, yapo mawili tu, mengine ni Gb 3. Kabla ya kununua kadi, soma lebo ya pawa saplai: zipo za W 400 na za W 600.

Salma_Ilala: Na ukisasisha BIOS, hakikisha una UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme). Huku kwetu umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, bodi inaweza kufa.

Mkude77: UPS yenyewe uijaribu kwanza. Nyingi za mtumba betri zimekwisha.

Salma_Ilala: Betri zake nazo siku hizi bei juu. Kuna anayejua duka la kuaminika?

Mpichaji_Tanga: Nimefungua ubavu, lebo inasema W 600. Lakini kuna jamaa hapa Tanga anauza Z440 kwa laki saba, haina RAM.

Fundi_Nati: Z440 inatumia RAM ya aina nyingine, DDR4, hizo GB 16 zako hazihami nazo. Muulize ina prosesa gani, na BIOS ni toleo gani.