Picha inafifia kwenye kicha cha nyuzi za kioo, na kuna vitone vyeusi

Fito26
Wakuu, natengeneza kicha cha nyuzi za kioo cha kupitisha picha. Kiini, sehemu ya kati inayopitisha mwanga, ni ufito wa kioo cha F2 (kipeo cha mpindo, yaani kipimo cha jinsi kioo kinavyopinda mwanga, ni 1.62) wa mm 26. Ganda linalokizunguka ni neli ya kioo cha soda na chokaa (1.52), mm 30 nje, 26.5 ndani. Mvuto wa kwanza, wa kurefusha kioo kilicholainishwa tanurini, unatoa fito za mm 1. 331 zinapangwa umbo la pembe sita na kuvutwa tena mpaka kila uzi uwe mikromita 8. Nikitazama maandishi kupitia kicha, herufi zinasomeka, ila weusi wake umekuwa kijivu. Tena kuna vitone vyeusi. Nipunguze joto?

TanuriWima
Joto halina kosa hapo, mkuu. Piga hesabu ya ganda. Neli ikishabana, kipenyo chote ni kama mm 29.6, na uwiano huo haubadiliki hata uvute mara ngapi. Kwenye uzi wa mikromita 8, kiini ni 7. Ganda limebaki nusu mikromita kila upande. Mwanga haurudi palepale mpakani, hupenya kidogo ndani ya ganda kwanza, na ule ulioinama sana ndio hupenya zaidi. Ganda likiwa jembamba hivyo mwanga unavukia uzi wa jirani. Jaribu ufito wa mm 20 na neli ya 30 kwa 21: ganda litafika mikromita 1.27. Utalipia kwa mwangaza, kwani eneo la kiini linashuka kutoka asilimia 77 hadi 47.

NeliSafi
Vitone ni vumbi au viputo kati ya ufito na neli. Kipenyo kikipungua mara 125, urefu huongezeka mara 15,625. Kiputo cha mm 0.1 kwenye ufito wa mm 1 kinakuwa mstari wa mita moja na nusu. Ndiyo maana ukikata kipande cha pili kitone bado kipo. Osha vyote kwa sabuni ya maabara, suuza kwa maji yaliyokenekwa, usishike kwa mkono mtupu. Halafu nyonya hewa ya mwanya huo kwa pampu kutoka juu wakati wa kuvuta.

Fito26
Naweza kubana neli kwanza kwa moto wa gesi?

NeliSafi
Afadhali tanuri la umeme. F2 ina madini ya risasi. Moto wenye oksijeni pungufu huigeuza kijivu, na rangi hiyo haitoki kwa kuosha.