Malipo yetu yamekwama kwa vikwazo vya Marekani, na sisi si Wamarekani. Tufanyeje?

Muuza Vipuri: Wakuu, naombeni ushauri. Kampuni yetu imesajiliwa hapa nchini, haina tawi wala mwanahisa Marekani. Tulimuuzia vipuri vya pampu mteja wa nchi nyingine. Mzigo umefika, kalipa kwa dola, pesa zimezuiwa benki ya New York, eti vikwazo. Mteja mwenyewe hayumo kwenye orodha yao. Wanahisa wake wawili ndio wamo, mmoja ana 30%, mwingine 25%, hakuna aliyefika nusu. Bosi anataka tuandike ankara upya kwa jina la kampuni nyingine, alipe tena. Hivi sheria ya Marekani inatuhusu nini?

Wakili wa Zamu: Mkuu, jumlisha: 55. Tangu 2014 OFAC, ofisi ya vikwazo ya Hazina ya Marekani, hujumlisha hisa za wote waliowekewa vikwazo. Zikifika 50%, kampuni imefungiwa hata kama jina lake haliko popote.

Kilichowaingiza humo ni dola. Ikipita New York inashikwa na benki iliyo chini ya sheria yao, na nyinyi mnahesabiwa mmeisababisha benki ivunje sheria. CSE Global ya Singapore, 2017, ililipa zaidi ya dola milioni 12 kwa malipo ya dola ya kazi za Iran. Hiyo ankara mpya msiiguse! Leo mna malipo yaliyokwama, kesho mtakuwa na udanganyifu.

Mzee wa Mizigo: Siafiki. Vinavyofunga nchi zote ni vikwazo vya Baraza la Usalama. Ulaya tangu 1996 wana sheria ya kuzikataza kampuni zao kutii baadhi ya hivyo vya Marekani. Mlipwe kwa euro, yaishe.

Wakili wa Zamu: Mahakamani sawa, mzee, ila benki hawatakusikiliza. Hata bila dola, Marekani wanaweza kukuweka wewe mwenyewe kwenye orodha.

Muuza Vipuri: Kwa hiyo pesa ndiyo imeenda?

Mhasibu Mkimya: Haijaenda, iko kwenye akaunti iliyofungiwa. Ombeni OFAC leseni, yaani kibali cha kuiachilia. Hata mpokeaji anaruhusiwa kuomba. Ambatisheni mkataba, ankara, hati za usafirishaji. Mjiandae kusubiri sana. Halafu someni mkataba: deni limelipwa mteja anapotuma au nyinyi mnapopokea? Hapo ndipo mtajua kama mnaweza kumdai mahakama za hapa. Na msimpelekee kitu kingine.

Muuza Vipuri: Aisee, oda yake ya pili imeshafungashwa, gari linakuja asubuhi. Ngoja nimpigie mtu wa ghala.