Cheche naziona, adui haanguki. Ninunue kadi ya picha mpya?

Rubani wa Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Nacheza mchezo wa ndege za kivita mtandaoni, narusha Spitfire Mk I, ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Namkalia mtu mkiani, nafyatua, cheche zinawaka mbawani mwake, lakini ujumbe wa kuthibitisha kwamba nimempiga hautoki na jamaa anaondoka zake. Akinigeukia yeye, naungua papo hapo. Ninunue kadi ya picha mpya? Usingizi sipati.

Mzee Kobe: Unakosa usingizi kwa ndege za katuni? Umri wako sisi tulishakuwa na watoto wawili.

Chuma Tisa: Mie gemu liliniachanisha na mchumba. Posa imepokelewa, siku ya kikao cha mahari nipo kwa jamaa Tabata, tuko fainali...

Fundi Mnyamavu: Kadi ya picha kazi yake kuchora tu kwenye skrini. Hizo cheche kompyuta yako imezichora pale inapodhani adui yupo. Kuna michezo inayoamini kompyuta ya mpigaji, Aces High mfano. Mingine hakimu ni seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo. Cheche bila ujumbe maana yake seva imekukatalia. Intaneti yako ipi?

Rubani wa Mbagala: Intaneti haina shida, YouTube inafunguka fresh.

Fundi Mnyamavu: Sijauliza YouTube.

Rubani wa Mbagala: Hotspoti ya simu. Seva ipo Ulaya, pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) milisekunde 200, saa nyingine inaruka 400. Ila kadi nimeshaitolea kianzio, na muuzaji kanihakikishia itaondoa huo ucheleweshaji.

Fundi Mnyamavu: Kakudanganya. Ndege ya kilomita 500 kwa saa inatembea karibu mita 28 ndani ya milisekunde 200. Bf 109 nzima, ndege ya Wajerumani, ina urefu wa mita 9 hivi. Pingi ya 200 ikitulia, mchezo unakisia adui alipo na unapatana nayo. Ikirukaruka, unapiga hewa. Unafyatulia umbali gani?

Rubani wa Mbagala: Mita 600. Nikisogea zaidi ananikwepa.

Fundi Mnyamavu: Mita 600 na bunduki za risasi ndogo za .303! Zipo nane, nne kila bawa, zimeelekezwa zikutane sehemu moja mbele. Mwaka 1940 marubani wa jeshi la Uingereza kama "Sailor" Malan waliisogeza sehemu hiyo hadi yadi 250, kama mita 230. Kwa 600 risasi zimeshapishana na kutawanyika. Hata seva ikikubali, unamtoboa matundu mawili matatu anarudi kwao.

Bibi Chura: Chai hii. Bando la kucheza kila usiku analipa nani? Huyu dalali wa duka la kompyuta, kesho mtaona namba ya simu.

Fundi Mnyamavu: Gemu linakula data kidogo kuliko video, dada.

Rubani wa Mbagala: Ningekuwa dalali si ningesema kadi imenisaidia?

Mzee Kobe: Kianzio umetoa wapi?

Rubani wa Mbagala: Shikamoo mzee. Tusifike huko.

Mzee Kobe: Marahaba. Tumeshafika.

Rubani wa Mbagala: Ni hela ya kodi. Ila mwenye nyumba ni muelewa, na kadi ni kitu cha kudumu.

Bibi Chura: Sasa naanza kuamini.

Chuma Tisa: Mkuu, muuzaji akigoma kurudisha, hiyo kadi ni GB ngapi?