Mjadala: Bango la Thomas Mundy Peterson liandikwe vipi?

Mwanzisha mada

Kila Machi 31, jimbo la New Jersey humkumbuka Thomas Mundy Peterson, aliyepiga kura mjini Perth Amboy tarehe hiyo mwaka 1870, siku moja baada ya serikali ya Marekani kutangaza rasmi kwamba yamepita Marekebisho ya 15 ya Katiba, yanayokataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Mitandaoni na kwenye vipeperushi utamkuta ametajwa kama "mtu Mweusi wa kwanza kupiga kura Marekani". Mimi nasema maneno hayo yasiwekwe kwenye bango lake la kumbukumbu mjini humo. Katiba ya New Jersey ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wazima wenye mali ya pauni 50, bila kutaja rangi wala jinsia. Weusi wenye mali walipiga kura, na baadhi ya wanawake pia, hadi sheria ya 1807 ilipowafungia mlango. Katiba ya 1844 ikaliandika neno "mweupe" waziwazi. Katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, wanaume Weusi walianza kupiga kura kwa wingi mwaka 1867. Ukimwita Peterson wa kwanza na kuishia hapo, umewazika hao wote upya.

Mchangiaji wa pili

Kosa si la waliomtunuku. Mwaka 1884 wakazi wa Perth Amboy walichanga dola 70, wakamtengenezea medali ya dhahabu yenye sura ya Rais Abraham Lincoln asiye na ndevu, wakamkabidhi Mei 30. Maandishi yake yanasema ni wa kwanza *chini ya Marekebisho ya 15*, tena yanataja mji na tarehe. Walikuwa waangalifu kuliko sisi. Wanaofupisha ndio wa kukosolewa, heshima yenyewe iachwe.

Mwanzisha mada

Hapo tunakubaliana, ila tuangalie kwa nini hufupishwa. Maneno ya mipaka yakiwekwa mwishoni, mwandishi wa kichwa cha habari huyakata. Yaanze: "Kura ya kwanza chini ya Marekebisho ya 15 ilipigwa hapa na Thomas Mundy Peterson." Kata popote utakapo, mipaka inabaki.

Mchangiaji wa tatu

Hata hiyo ina tundu. Marekebisho ya Katiba huwa sheria yanapoidhinishwa na robo tatu ya majimbo, si siku waziri anapotia saini tangazo. Wakati ule majimbo yalikuwa 37, zikihitajika idhini 28, na Iowa iliidhinisha Februari 3, ikawa ya 28. Lakini Januari New York ilikuwa imetangaza kuondoa idhini yake, hesabu ikaingia utata hadi Hamilton Fish, Waziri wa Mambo ya Nje, alipotoa tangazo Machi 30. Kwa hiyo anayeandika "wa kwanza" anahesabu kuanzia tangazo. Naona bango liseme hivyo: "siku moja baada ya tangazo". Hilo halina ubishi.

Na lisisahau hili: bunge la New Jersey lenyewe lilikuwa limeyakataa Marekebisho hayo mwezi mmoja na ushei kabla. Liliyakubali 1871. Mtu huyu alipiga kura katika jimbo lililosema hapana.

Mchangiaji wa nne

Mnabishania neno "kwanza", na mimi naona tumeruka kilichopigiwa kura. Haukuwa uchaguzi wa rais. Swali lilikuwa: hati ya mji, yaani sheria inayoupa mji meya na baraza lake, irekebishwe au ifutwe?

Na angalieni jinsi kura ilivyopigwa. Siku hizo serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila upande ulichapisha zake na kuzigawa mlangoni, kila mtu akiona unachukua ipi. Asubuhi ile Peterson alikuwa akihudumia farasi zizini pale mwajiri wake alipomshauri aende. Alipofika, mmoja akamnyooshea karatasi ya kurekebisha, mwingine ya kufuta. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona haifai kuitupa hati waliyoishika miaka mingi, akachukua ya kurekebisha. Ushauri wa kwenda ulikuwa wa mwingine; uamuzi ulikuwa wake, na aliufanya hadharani. Upande wake ulishinda kwa kura 230 dhidi ya 63. Kisha akateuliwa katika kamati ya watu saba iliyoandika marekebisho ya hati hiyo. Mtunza majengo wa shule, mwana wa familia iliyoonja utumwa, ameketi kuandika sheria ya mji! Hilo ndilo ningelichonga kwa herufi kubwa.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono. Ile shule aliyoitunza sasa ina jina lake, na kaburi lake liko hapo hapo mjini, uwanja wa kanisa la St. Peter's. Medali ndiyo iko mbali, Chuo Kikuu cha Xavier, New Orleans. Bango litaje ilipo, ili anayeitafuta asizunguke Perth Amboy bure.

Mwanzisha mada

Basi nabadili pendekezo langu: "Machi 31, 1870, siku moja baada ya Marekebisho ya 15 kutangazwa, Thomas Mundy Peterson alipiga kura katika mji huu kuilinda hati ya mji, kisha akawa mmoja wa saba walioirekebisha." Chini yake, mstari wa pili: "Weusi wa New Jersey walikuwa wakipiga kura hadi 1807, waliponyang'anywa haki hiyo." Huo mstari wa pili sikubali uondolewe, hata nafasi ikibana.