Kwa nini twende Kirgizistani badala ya Uswisi?

Mpanda Mlima wa Moshi
Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Mimi na mume wangu tumekulia chini ya Kilimanjaro, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba ili tukaione milima ya Alpi. Binamu yangu anayesoma ughaibuni ametushauri tuiache Uswisi, twende Kirgizistani, nchi ya Asia ya Kati ambayo huku kwetu haitajwi sana. Ningependa kusikia kutoka kwa waliofika: kuna nini huko ambacho hatutakipata Ulaya, na je, wasiojua Kirusi wanaweza kutembea bila usumbufu?

Mzee wa Njia Ndefu
Binti yangu, nendeni. Milima ya huko ni mirefu kweli, kwani zaidi ya asilimia 90 ya nchi ni milima, na kilele cha Jengish Chokusu kwenye mpaka wa China kinafika mita 7,439. Hata hivyo, urefu si sababu ninayoitanguliza. Ninayoitanguliza ni kwamba mlima huko bado ni mahali ambapo watu wanafanyia kazi na kulea watoto. Theluji inapoyeyuka, wafugaji hupandisha farasi, kondoo na ng'ombe wao hadi kwenye malisho ya juu yanayoitwa jailoo, husimamisha mahema ya mviringo yaliyofunikwa kwa sufu nzito ya kondoo, na hukaa huko mpaka baridi ya Septemba iwashushe. Mgeni hulala katika mahema hayo hayo, hula mkate wao, na hukaribishwa kymyz, yaani maziwa ya farasi yaliyochacha, ambayo ni makali kidogo kwa asiyeyazoea. Lile duara la mbao lililo kileleni mwa hema ndilo lililochorwa katikati ya bendera ya taifa. Ukilala chini yake ukitazama nyota, huhitaji kuelezwa sababu.

Anzeni na ziwa Song-Kul, lililo mita 3,016 juu ya usawa wa bahari, na mkiweza mfike kwa farasi. Kupanga malazi si kazi ngumu, kwa sababu katika miji midogo kama Kochkor wenyeji wana ofisi za utalii wa jamii zinazowaunganisha wageni na familia za wafugaji, utaratibu ulioanza kwa msaada wa shirika la Helvetas, ambalo ni la Uswisi hiyo hiyo mnayoitaka.

Mama Safari, Tanga
Ninakubaliana na mzee, lakini naomba niongeze tahadhari. Kukulia Moshi hakumkingi mtu na maradhi ya mwinuko, kwa hiyo msiruke moja kwa moja hadi Song-Kul. Pumzikeni kwanza Bishkek, mji mkuu, kisha mkae kidogo kando ya Issyk-Kul, ziwa lililo mita 1,607 juu, lenye kina cha mita 668 na chumvi kidogo, ambalo haligandi hata wakati wa baridi kali. Kabla ya katikati ya Juni, njia za kupanda Song-Kul huweza kuwa bado zina theluji. Bebeni fedha taslimu za som, maana milimani kadi haisaidii.

Kuhusu lugha, jifunzeni tarakimu na salamu kwa Kirusi. Zitawafaa sana katika daladala zao zinazoitwa marshrutka. Waislamu ndio wengi nchini, na chakula halali hupatikana kwa urahisi. Mkifika mji wa Karakol, msiuache msikiti wa Wadungani, yaani Waislamu wenye asili ya China, msikiti wa mbao tupu, wenye paa la Kichina na rangi ambazo sijaziona katika msikiti mwingine wowote.

Mwanafunzi wa Historia
Wengi huishia maziwani, nami naona wanajinyima. Kusini kuna mji wa Osh, uliokuwa kituo cha misafara ya biashara ya hariri, na katikati yake umesimama mlima Sulaiman-Too, ambao watu wameuzuru kwa ibada tangu zamani sana na ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2009. Kutoka hapo mnaweza kwenda Arslanbob, kijiji kilichozungukwa na msitu mkubwa wa miti ya jozi. Barabara ya Bishkek hadi Osh hupita kwenye handaki la Töö-Ashuu, zaidi ya mita 3,000 juu, na safari huchukua siku nzima, hivyo ondokeni alfajiri ili mvuke milima hiyo kukiwa bado na mwanga.