Misimu gani ya kufanyia mambo na wasichana huku kwetu Lamu?

BintiLangoni:
Assalam aleykum wenzangu. Nasaidia kikundi cha wasichana hapa Lamu, wadogo wako gredi 6 na wakubwa wako sekondari, twakutana Jumamosi baada ya Alasiri na Magharibi ikiingia kila mtu awe kwao. Sasa wamenambia mwaka huu wataka kila msimu uwe na mambo yake, nikasema sawa, nikaingia mtandaoni kutafuta na wallahi kila nikifungua ni theluji, maboga, majani makavu ya kupukutika. Theluji ntaitoa wapi mie, Shela? Pesa hamna, tuna cherehani moja na ukumbi wa kuazima. Nisaidieni.

Mama_Mkomani:
Waleykum salaam mwanangu. Wacha misimu ya watu, fuata pepo zetu. Kaskazi ikishika, Disemba mpaka Machi, watoe nje, na usiku wapandishe darini wakaangalie kilimia, kile kishada cha nyota, wape na ule msemo wa wazee "kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" halafu waambie wakiandame wenyewe mpaka Mei wakione kinavyopotea. Kusi ikianza na mvua za masika, bas ingieni ndani mshike ukili, kusuka majani. Hapo kuna kazi yani, miyaa, yale majani ya kusukia, lazima ianikwe, ipasuliwe nyembamba nyembamba zilingane, nyingine mchemshe na rangi, na wakati wa kusuka uilowanishe kidogo manake ikiwa kavu yakatika mkononi na mtoto anakasirika anatupa. Msianze na mkeka, mtazeeka hapo. Anzeni na kipepeo cha kupepea jiko.

Na Mfungo Sita usiupitishe hivi hivi, mji wote uko kwenye Maulidi, wafunzeni kufunga vikuba, vile vishada vya maua. Asumini mchume jioni ikiwa bado imefumba, rehani, mkadi, mfunge na uzi. Watauza wapate hela ya kikundi.

tototundu_malindi:
Kwani ukumbi wa kuazima na Magharibi kila mtu kwao, hicho kilimia watakionea wapi bi mkubwa 😂 labda muombe nyumba moja yenye dari na mama zao waje pia.

Sisi huku Malindi Disemba ni maembe, shule zimefungwa na watoto hawana kazi, tunafanya achari. Mwaka mmoja waligawana makundi wakashindana, majaji walikuwa nyanya zao na hao hawana huruma, mmoja alionja akasema hii mlitia chumvi au mlimwaga 😂. Ngowe iliyoiva haifai, tafuteni embe mbichi ngumu.

Mvua zikinyesha sana mto Sabaki unamwaga udongo na bahari yetu inakuwa rangi ya chai ya maziwa, hakuna wa kuogelea, lakini ndio wakati mzuri wa kuwauliza huo udongo umetoka wapi, mbona ulikuwa shamba la mtu huko juu. Tukipata gari tunawapeleka Watamu, Local Ocean Conservation wana pahali wanapotibu kasa, pigeni simu kwanza. Mayai ya kasa hukaa mchangani kama miezi miwili ndio watoto watoke.

Shamsa_wa_zamani:
Kwa heshima zote mama, mie nlilelewa kwa kikundi kama hicho na ukili ulitufukuza nusu yetu. Msichana wa sekondari ukimketisha na miyaa kila Jumamosi ya kusi atakwambia anaumwa kichwa. Mpe kitu chenye ubishi. Kusanyeni taka za plastiki ufuoni, mzihesabu kwa aina, chupa ngapi, ndara ngapi, mwandike, halafu mrudi pale pale kaskazi ikigeuza upepo mlinganishe. Jahazi la Flipflopi si lilishushwa majini hapo hapo Lamu 2018, na limeundwa kwa plastiki na ndara kuukuu? Wapelekeni wakaongee na mafundi. Na 26 Julai ni siku ya mikoko duniani, pandeni ile mikoko yenye mbegu ndefu, ila muulizeni kwanza mtu anayejua maji yanafika wapi manake watu wanapanda pahali pabaya inakufa yote.

Mama_Mkomani:
Haya, changanyeni. Lakini kipepeo kimoja kila mtoto amalize, si kuacha njiani.

BintiLangoni:
Shukran jamani. Kipepeo nimekubali, na hesabu ya taka itaanza kusi hii. Ramadhani sitaifunga na mwezi wa kizungu manake kila mwaka yarudi nyuma siku kama 10 au 11, nitaipangia kando, labda kuvunja jungu mwisho wa Shaabani kila mmoja alete chakula. Swali la mwisho, miyaa iliyopasuliwa tayari nitapata wapi kwa bei ya watoto?

Mama_Mkomani:
Njoo inbox.